Sifa Hazinunui Nyuzi za Gitaa

Wako watu wasemao kwamba bendi ya muziki wa majaribio, ikipewa jukwaa na kampuni ndogo ya santuri inayojiita huru, haina budi kushukuru na kunyamaza, kwani malipo yake ni kujulikana. Mimi nakataa. Kiingilio kinatozwa, bia inauzwa, fundi mitambo analipwa. Kwa nini mpigaji peke yake alipwe makofi?

Watanijibu kwamba muziki huo hauna wanunuzi. Basi na tutazame Manchester, Uingereza. Mwaka 1978 Tony Wilson na Alan Erasmus walianzisha maonyesho ya usiku katika klabu moja ya mtaa wa Hulme, wakayaita Factory. Bendi za Joy Division, Durutti Column na Cabaret Voltaire zilipiga pale muziki uliofuata panki, mwingine wa kukwaruza masikio. Maonyesho hayo yakazaa kampuni, nayo ikashika kanuni: faida igawanywe nusu kwa nusu, na muziki ubaki mali ya wanamuziki.

Kampuni ilifilisika mwaka 1992, na wapo wanaodai kuwa iliuawa na ukarimu wake. Si kweli. Ilielemewa na ofisi ya kifahari, klabu iliyokula fedha na albamu zilizogharimu kupita kiasi. Haki ya wanamuziki haikuwa deni. Kwa haki hiyo New Order walibaki na kazi zao hata kampuni ilipokufa.

Kampuni inayojiita huru na ianzie mlangoni: ihesabu kiingilio mbele ya waliopiga.