Mbotela Ametutoka, Swali Lake Lingalipo

Tangu Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 7, 2025, akiwa na umri wa miaka 84, sifa zake zimetajwa kila mahali. Wengi humkumbuka kwa kutangaza kandanda. Wengine huikumbuka Agosti 1, 1982, wanajeshi waasi walipomlazimisha atangaze kuwa serikali imepinduliwa. Lakini kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ilikuwa kile kipindi kilichoanza 1966: "Je, Huu ni Ungwana?"

Hebu tulitazame neno lenyewe. Zamani huko pwani, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Cheo hicho kilikwenda kwa nasaba. Mbotela naye alizaliwa 1940 huko Freretown, Mombasa, mtaa ulioanzishwa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na James Mbotela, wa ukoo wake, ndiye aliyeandika kitabu "Uhuru wa Watumwa". Basi mtu wa uzao huo ndiye aliyekaa mbele ya kipaza sauti cha Sauti ya Kenya akatufundisha kwamba muungwana ni kitendo.

Sisi wa Thika na Ruiru tulilihitaji somo hilo kuliko wengi. Miji yetu haikujengwa na ukoo mmoja. Watu walitoka pande zote kufanya kazi katika viwanda vya nguo, mashamba ya mananasi na ya kahawa. Wakapanga vyumba katika ploti moja, bomba moja, choo kimoja. Mzee wa ukoo wa kumkanya kijana alikuwa mbali huko mashambani. Mbotela akaingia kwa redio akaishika nafasi hiyo. Hakutoa amri, alisimulia tabia tunazozijua, akauliza, akatuachia jibu. Na kwa kuwa aliuliza kwa Kiswahili, hakuna jirani aliyeweza kusema kwamba hayo ni ya kabila la fulani.

Wapo watakaosema zama zimebadilika. Ni kweli. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa 2012, na magorofa yameota Ruiru kama uyoga. Lakini je, ugomvi umepungua? Mtu huishi mlango kwa mlango na mwenziwe mwaka mzima asimjue jina. Ndani ya matatu, mama mwenye mtoto mgongoni husimama huku vijana wameketi, macho kwenye simu.

Kwa hiyo tusiishie kwenye rambirambi. Kanda za kipindi hicho zilizopo zitunzwe, na wanafunzi wasikilizishwe katika somo la Kiswahili. Idhaa zetu nyingi nazo zitenge walau robo saa kwa juma kuuliza swali lile lile, bila matusi wala kejeli. Na wewe msomaji, ukimwaga maji machafu kesho mbele ya mlango wa jirani, jiulize mwenyewe kabla hajakuuliza.