Vanishi ya Ndani, Jua la Nje

Wiki hii sina umbea. Nina benchi.

Benchi lenyewe ni la mninga. Marehemu baba alilichongesha Keko, na liko barazani kwetu Buguruni. Mama anauza vitumbua asubuhi, wateja wanakalia hapo hapo. Basi likapauka, likawa la kijivu kama mtu aliyeoga asijipake mafuta. Mimi nikajitia mwana mwema, huyoo Kariakoo. Muuzaji akanitolea kopo: "Hii inang'aa kama kioo, mdogo wangu." Sikuuliza kama ni ya ndani au ya nje. Nikapaka mikono mitatu, mtaa mzima ukasifia.

Jamani! Masika haijaisha, vanishi ikaanza kutoka magamba kama sangara. Dada mmoja kanyanyuka na magamba kwenye sketi yake ya kazini. Mama hakusema neno. Alitandika khanga yake juu ya benchi, akaendelea kukaanga. Kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Nikamfuata fundi seremala. Akacheka, kisha akanifundisha. Vanishi isiyo na rangi inapitisha jua mpaka kwenye mbao. Jua linaila ngozi ya juu ya mbao, vanishi inakosa pa kushika, maji yanaingia chini yake. Hapo hata kama ilikuwa ya bei mbaya, itabanduka tu. Ukitaka vanishi, tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya nje, na hiyo nayo ina siku zake.

Rangi ya mafuta ndiyo inayodumu zaidi juani, kwa sababu inalizuia jua. Ila inaficha mbao. Mafuta ya kitani hayabanduki, yanaingia ndani, lakini yanapauka upesi, lazima urudie. Wenye majahazi wanalijua hilo tangu zamani: walipaka sifa, mafuta ya ini la papa, wakarudia na kurudia. Usiniige kwa hilo lakini, harufu yake itafukuza wateja! Na oili chafu ya gari ndiyo usiguse kabisa, inachafua nguo na ina sumu.

Chochote utakachochagua, piga msasa kwanza, mbao iwe kavu, na usisahau chini ya miguu, maana huko ndiko inakonyonya maji. Tambara lenye mafuta ya kitani usilikunje ukalitupa chumbani, laweza kuwaka lenyewe. Lianike nje, limekunjuliwa, likauke.

Nikamwambia mama tupake rangi, tupumzike. Akasema, "Rangi hapana. Nataka niione mbao ya baba yako."

Basi nimekwangua vanishi yote, nimepaka mafuta. Kila kabla ya masika na kabla ya vuli nitakuwa nimechuchumaa barazani na tambara langu. Khanga ya mama imerudi kiunoni mwake.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.