Kwanza visima, halafu Mirihi?

Kila nikiandika habari za anga sikosi kuulizwa swali hili: "Hizo hela si bora wangechimba visima?" Wanaouliza wana haki. Mimi ni mtoto wa Tabora, habari ya ndoo na foleni ya maji sihitaji kusimuliwa. Ila leo naomba nibishe kidogo.

Kwanza tuone wanafanya nini huko. Kuna chombo kinaitwa Trace Gas Orbiter, cha Ulaya na Urusi, kilichofika Mirihi mwaka 2016 na kuanza kupima hewa yake 2018. Kinaizunguka tu sayari, hakitui. Kinalitazama jua linapochomoza au kuzama kwenye ukingo wa Mirihi, mwanga ukiwa unapita katikati ya hewa. Mvuke wa maji humeza sehemu fulani za mwanga wa infraredi, ule tusiouona kwa macho. Ukijua ni sehemu zipi zimepungua na kwa kiasi gani, umeshajua mvuke ni mwingi kiasi gani na uko juu kiasi gani.

Mwaka huo wa 2018 dhoruba ya vumbi iliifunika karibu Mirihi nzima. Vumbi likapasha hewa joto, na mvuke ukapanda juu kuliko kawaida. Huko juu mionzi ya jua huuvunja, kisha haidrojeni, kwa wepesi wake, hutoroka isirudi tena. Kule Zuhura nako, chombo cha Venus Express, kilichofanya kazi kuanzia 2006 hadi 2014, kilikuta haidrojeni na oksijeni zikivuja kwa uwiano wa mbili kwa moja. Hayo ni maji, jamani, yamekatwa vipande vipande.

Sasa Tabora inaingiaje hapo?

Maji ya bomba yanayoletwa Tabora, Nzega na Igunga siku hizi yanatoka Ziwa Victoria. Na ziwa lile halilishwi sana na mito kama wengi tunavyodhani. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanayotoka huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo bomba letu linaanzia hewani! Kinachotuokoa ni baridi ya juu: mvuke ukipanda hupoa, ukawa mawingu, ukarudi kama mvua. Mirihi imetuonyesha mambo yanavyokuwa kizuizi hicho kikilegea. Hata hivyo visima tunavyovidai vinategemea mvua hiyo hiyo.

Wazee wa njia ya misafara walilijua hili kwa namna yao. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, safari ilipangwa kwa kufuata maji. Pale Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe, palikuwa pakavu mno. Mahali pa namna hiyo walipiga walichokiita tirikeza: wanakunywa na kupika mchana, wanaondoka alasiri, wanalala porini bila maji, kesho yake ndipo wanafika kisimani. Kirangozi asiyejua maji yako wapi aliweza kuua msafara mzima.

Lakini njia hiyo hiyo ina somo chungu. Mwaka 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora, akaelekea kaskazini. Alikadiria mwinuko wa ziwa kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, maana kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Ziwa akaliita Victoria. Wenyeji walikuwa na jina lao, Nyanza. Sidi Mubarak Bombay alikuwa naye safarini, na mizigo ilibebwa na wapagazi. Ila aliyepima ndiye aliyeandika, na jina alilotoa ndilo tunaloliita hadi leo.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Ulaya watumie hela zao Mirihi, shauri yao. Kinachoniuma ni sisi kujisifu kwamba hayatuhusu. Vipimo vya vyombo hivi vinawekwa kwenye intaneti bure. Kijana wa Tabora Boys hahitaji roketi ili avisome. Anahitaji kompyuta, hesabu na mwalimu asiyemwambia "hayo ni mambo ya wenzetu." Na akishajua kusoma mvuke wa Mirihi, elimu hiyo hiyo itamsaidia kuusoma mvuke wa Ziwa Victoria kwa satelaiti za hali ya hewa.

Visima tuchimbe, tena vingi. Lakini tukishachimba tusirudi kwenye kazi ya babu zetu, ya kubeba mizigo ya wapimaji. Walioibeba hawakuwa na hiari kubwa. Sisi tunayo.

Unayebisha, karibu. Uwanja ni wako.