Mzazi mgonjwa hauguzwi kwa simu

Shukrani zote anastahiki Allah (SW), aliyemuumba mwanadamu akiwa dhaifu, akampa nguvu za ujana, kisha akamrejesha katika udhaifu wa uzee. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tulizungumzie jambo ambalo limo katika nyumba zetu nyingi hapa Katoro lakini halisemwi waziwazi. Nalo ni hili: nani anayemuuguza mzazi anapozeeka?

Siku zilizopita tulialikwa katika khitma ya bibi mmoja aliyelala kitandani zaidi ya miaka miwili baada ya kupatwa na kiharusi. Wanawe wanaume walikuwa watatu. Mmoja ana duara lake Rwamgasa, wa pili yuko Nyarugusu kwenye karasha, na wa tatu ana duka jijini Mwanza. Khitma ilikuwa kubwa, ng'ombe alichinjwa, turubai likafungwa na watu wakala wakashiba. Wote watatu wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakaeleza namna walivyokuwa wakituma fedha za dawa kila mwezi bila kukosa. Hatuna shaka kuwa walisema kweli. Lakini yule mke wa mdogo wao, aliyekuwa akimgeuza bibi usiku ili asipate vidonda, akimlisha uji kwa kijiko na kumfulia shuka, hakutajwa. Wakati wa dua alikuwa nyuma ya nyumba akiosha masufuria.

Tuliondoka tukiwa na swali moja: je, wale vijana walimtendea wema mama yao? Jibu letu ni kuwa walifanya sehemu ya wema, na sehemu iliyokuwa kubwa zaidi wakamwachia mtu mwingine.

Katika Sura ya 17 (Al-Israai), aya ya 23, Mwenyezi Mungu ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke Yake na amri ya kuwatendea wema wazazi. Kisha akautaja uzee kwa jina lake, na akakataza hata ile sauti ndogo ya kuonesha kuchoshwa nao. Wafasiri wamelizingatia neno moja katika aya hiyo, neno lenye maana ya 'kwako'. Mzazi anatajwa kuwa amezeeka akiwa kwako, yaani karibu nawe na chini ya uangalizi wako. Na hakika sauti ya kuchoka haimtoki mtu aliye mbali. Humtoka yule anayeamshwa saa nane za usiku kwa mara ya tatu. Basi aliyekatazwa kuguna ni yule anayetarajiwa kuwepo pale kitandani.

Mtume (SAW) naye alijiwa na mtu aliyetaka ruhusa ya kwenda katika jihadi. Akamuuliza kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kuwa wako hai, alimwelekeza aende akafanye juhudi yake katika kuwatumikia wao. Hadithi hii imepokelewa na Bukhari na Muslim. Na katika kisa mashuhuri cha watu watatu walionasa pangoni, mmoja wao aliomba kwa amali ya kusimama na chombo cha maziwa mkononi usiku kucha, akichelea kuwaamsha wazazi wake wazee, na akakataa kuwanywesha watoto wake kabla yao. Tazameni kuwa amali iliyolisogeza jiwe ilikuwa ya mikono na miguu, na ya usingizi uliokosekana.

Hatusemi kuwa fedha si kitu. Dawa za presha na za kisukari zinanunuliwa, nepi za mgonjwa zinanunuliwa, na nauli ya kwenda hospitali hailipwi kwa dua peke yake. Mwenye kutuma ana ujira wake kwa Mola wake. Tunachokikataa ni ile dhana iliyoota mizizi tangu fedha zilipoanza kutumwa kwa simu, kwamba ujumbe wa kupokelewa kwa fedha ndio risiti ya kumaliza haki ya mzazi.

Na sisi tunaoandika haya hatujitoi katika lawama. Mama yetu alipougua tulikuwa mbali naye, tukituma kila mwezi na kumpigia kila baada ya Isha. Tulijiona tumetimiza. Siku tuliyokwenda kumwona hakuuliza habari ya fedha wala ya dawa. Alituuliza kama tutalala. Tukamjibu kuwa kesho tuna darsa. Hakusema neno. Darsa ile hatukumbuki hata ilihusu nini, lakini swali lile tunalikumbuka mpaka leo.

Sasa tuje kwa mkamwana, kwani hapa pana dhulma inayofichwa chini ya jina la mila. Wengi wetu tumechukulia kuwa kumuuguza baba mkwe au mama mkwe ni wajibu wa mke, na asipofanya hivyo huitwa mke mbaya. Ndugu zangu, sharia haikumbebesha mke wajibu wa kuwatumikia wazazi wa mumewe. Amri ya wema kwa wazazi imeelekezwa kwa watoto wenyewe, wa kiume na wa kike. Mke anapomwosha mama mkwe wake anafanya ihsani, na ujira wake ni mkubwa. Basi anayefanyiwa ihsani hushukuru, humsaidia aliyemfanyia, wala hamgeuzi mtumishi asiye na mapumziko. Mume aliyelala chumba cha pili huku mkewe akimgeuza mama yake ajue kuwa kazi hiyo ni yake yeye.

Wapo pia wazee wasio na mtoto wa kutuma wala wa kukaa. Mji wetu wa Katoro, pamoja na jirani yake Buseresere, umekuzwa na biashara na dhahabu. Wengi waliokuja ukanda huu wakiwa vijana mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, kutoka Kigoma, Tabora, Kagera na kwingineko, leo ni wazee. Hawakuwa na mwajiri, kwa hiyo hawana kiinua mgongo wala pensheni. Wengine wamebaki na kifua kilichoharibiwa na vumbi la mawe, na wengine mikono inatetemeka baada ya miaka mingi ya kuchoma zebaki. Ukoo wao uko mbali. Ndugu zao waliobaki ni safu ya msikitini. Ikiwa mzee wa namna hiyo anakosekana Swala ya Alfajiri kwa wiki nzima na hakuna aliyebisha hodi kwake, basi sote tuna la kujibu.

Jambo jingine ni zito zaidi. Katika ukanda wetu wa Shinyanga, Geita na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia maisha yao yote, wakiwalisha hao hao wanaowashuku. Mzee akitoka nje usiku akapotea njia, akisema peke yake, au akimsahau mwanawe, huo ni ugonjwa wa kusahau unaowapata baadhi ya wazee, na mahali pake ni kwa daktari. Kumwita mchawi ni dhulma mbele ya Allah, na pia ni kosa mbele ya Sheria ya Uchawi ya nchi hii. Ama kumpeleka kwa mpiga ramli, Mtume (SAW) ametuonya vikali juu ya kuwaendea watu hao, na serikali ilikwisha kuwapiga marufuku mwaka 2015.

Tufanye nini basi? Kwanza, familia ikae kikao mzazi angali na kauli, na zamu zigawanywe. Aliye mgodini aje siku zake alale kwa mama yake, amwoshe na kumlisha, ili anayekaa naye siku zote apumzike. Duara halitakimbia. Kwa mgonjwa wa kike, mabinti na ndugu wa kike washike yale yanayohusu stara, na wanaume washike yaliyobaki, nayo ni mengi.

Pili, tuwatafutie wazee wetu haki zao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia umri wa miaka 60, na utaratibu wa matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo upo. Wengi huukosa kwa kuwa hapana kijana wa kufuatilia kitambulisho katika ofisi ya kata.

Tatu, maimamu tuifanye misikiti iwapokee. Mtume (SAW) aliwaagiza wanaoswalisha wasirefushe, kwa kuwa nyuma yao wamo wazee, wagonjwa na wenye haja. Viti viwekwe kwa wasioweza kusimama, kwani mgonjwa ameruhusiwa kuswali ameketi, na akishindwa, kwa ubavu. Mzee asiyeweza kufunga asilazimishwe wala asiaibishwe. Alishe masikini, kama alivyofanya Anas bin Malik (RA) alipokuwa mzee sana.

Nne, sisi tuliofika umri wa miaka hamsini tujitayarishe. Madeni yaandikwe, wasia uandikwe, damu ipimwe sukari na presha. Na watoto wetu wanatutazama namna tunavyowatendea babu na bibi zao. Huko ndiko wanakojifunza namna ya kututendea sisi.

Siku Makka ilipofunguliwa, Abubakar (RA) alimleta baba yake, mzee Abu Quhafa, mbele ya Mtume (SAW). Imepokelewa kuwa Mtume alimwambia Abubakar kuwa angemwacha mzee nyumbani, yeye mwenyewe angemfuata huko. Hiyo ilikuwa siku ya ushindi mkubwa, na aliyesema hayo ndiye aliyekuwa na shughuli kuliko watu wote wa mji ule. Bado aliona kuwa anaweza kwenda kwa mzee mmoja asiyeona.

Basi ndugu msomaji, ikiwa mzazi wako yu hai, leo baada ya Swala ya Ijumaa usimpigie tu. Ikiwa yuko karibu, nenda. Ikiwa yuko mbali, panga siku ya kwenda, na ukifika akikuuliza kama utalala, mwambie ndiyo.

Tunamwomba Allah (SW) awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, awape shifaa wagonjwa wetu, awalipe kheri wanaowauguza bila kutajwa, na atujaalie uzee wenye imani na mwisho mwema.

Wabillahi tawfiq.