Kipande cha NumPy si fotokopi, jamani!

Kuna jambo moja katika NumPy linaniudhi, na leo nitalisema hata kama wataalamu wa kompyuta watanicheka. Ukikata kipande cha jedwali la namba, hupewi nakala. Unapewa dirisha. Ukipitisha mkono dirishani ukasogeza kiti, kiti kimesogea ndani ya nyumba.

Ngoja nieleze kwa wasioijua. NumPy ni programu ya mahesabu inayotumika ndani ya lugha ya Python. Travis Oliphant wa Marekani aliijenga kutokana na programu mbili za zamani, Numeric na Numarray, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2006. Ni ya bure, ndiyo maana imefika hata kwa sisi wa magazetini tusio na fedha za kununulia MATLAB. Kazi yake kubwa ni kushika namba zilizopangwa kwa pande mbili, tatu, hata zaidi.

Tuseme una vipimo vya mvua vya miaka 10, mikoa 26 ya Tanzania Bara, kituo kimoja kila mkoa, miezi 12. Hizo ni namba 3,120 katika jedwali moja lenye pande tatu. Tuliite mvua. Ukiandika mvua[0, :, :] unapata mwaka wa kwanza wote. Ukiandika mvua[:, 4, :] unapata mkoa wa tano, miaka yote. Masika, yaani Machi hadi Mei, ni mvua[:, :, 2:5]. Kuhesabu kunaanzia sifuri, kwa hiyo Machi ni 2, na ile 5 ya mwisho haihesabiwi. Wengi hulalamikia hilo, mimi silalamiki: 5 toa 2 ni 3, miezi mitatu, hesabu imekaa. Mholanzi Edsger Dijkstra aliutetea mpango huo tangu mwaka 1982. (Usidhani tu kwamba kipande hicho kinafaa nchi nzima. Dodoma ina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, unaovuka mwaka. Huo huupati kwa mkato mmoja.)

Sasa shida yenyewe. Pale ambapo kipimo hakikuchukuliwa, mafaili mengi ya hali ya hewa huwekewa -9999. Mwandishi anakata masika = mvua[:, :, 2:5], anaona hizo -9999 zinaharibu mchoro wake, anaandika masika[masika < 0] = 0. Mchoro unapendeza. Lakini kule kwenye mvua, zile -9999 za Machi, Aprili na Mei nazo zimegeuka sifuri! Jioni anarudi kwenye jedwali kubwa kutafuta wastani wa mwaka. Kwa kuwa ni mtu makini, anaiambia kompyuta iruke namba zote zilizo chini ya sifuri. Za masika hazirukwi, maana sasa ni sifuri halali. Kituo ambacho kifaa chake kiliharibika Aprili kinaonekana hakikupata hata tone. Kesho yake, ukurasa wa mbele: UKAME. Hakuna aliyedanganya, na ofisa anayegawa chakula cha msaada hana namna ya kujua.

Watetezi wa mpango huu wana hoja. Kukata bila kunakili ni haraka na kunaokoa kumbukumbu ya kompyuta. Wanasayansi waliotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi mwaka 2019 walitumia NumPy, na huwezi kuwaambia wenye data nyingi vile wanakili kila kipande. Sawa. Ila mvua yetu, namba 3,120 kwa baiti 8 kila moja, ni kama kilobaiti 25. Picha moja ya simu inazidi hapo mara nyingi. Tunaokoa nini?

Halafu andika mvua[:, :, [2, 3, 4]]. Miezi ile ile, namba zile zile, lakini safari hii umepewa nakala! Mabano ya ziada tu ndiyo yamebadili kila kitu. Hili ndilo silikubali kabisa. Kwenye MATLAB, kipande ulichokipa jina jipya hakigusi jedwali la asili. Julia, lugha iliyotangazwa mwaka 2012, nayo hunakili, na anayetaka dirisha analiomba mwenyewe kwa @view. Huo ndio utaratibu wa haki: jambo la hatari liombwe kwa jina.

NumPy haitabadilika leo, programu nyingi mno zimejengwa juu yake. Basi wanaofundisha waandishi kutumia namba waanze na .copy() kabla ya michoro ya rangi rangi. Na ile -9999 isigeuzwe sifuri, igeuzwe nan, kisha wastani utafutwe kwa nanmean. Mimi nikishafungua faili na kuzigeuza hizo, naandika mvua.flags.writeable = False. Kuanzia hapo, anayejaribu kuandika kupitia kipande chochote anagomewa na kompyuta. Cha kuchezea nakitengeneza pembeni kwa .copy(), na hicho nakichora nitakavyo.