Wasee, acheni kuniambia "tafadhali rifreshi"

Nitasema hivi na mkasirike mkitaka: apu inayoniambia nirifreshi baada ya kulipa imeandikwa na mtu aliyeachia kazi katikati.

Unajua ile hali. Umebonyeza lipa, umeweka PIN, SMS ya M-Pesa imeingia. Apu nayo? Bado inazungusha kale kaduara. Unarifreshi. Unabonyeza lipa tena kwa hofu. Sasa umelipa mara mbili na kastoma kea wanataka skrinshoti.

Watu hulaumu netiweki. Mimi nalaumu vile tunafundishana kuandika programu. Video nyingi za wanaoanza zinakuzoesha kitu kimoja: uliza, ngoja, jibiwa, kwisha. Lakini pesa haziendi hivyo. Ukituma ombi la STK Push kupitia Daraja, jibu la kwanza halisemi mteja amelipa. Linasema tu ombi limepokelewa. Matokeo yanakuja baadaye kwa anwani uliyoitoa, mteja akishalipa, akighairi ama akichelewa. Hilo ni tukio. Hujui litafika saa ngapi, kwa hivyo apu inafaa iwe inalisikiliza.

Ndio maana nasema jifunzeni programu riaktivu. Usiogope jina. Fungua Excel, badilisha namba moja, uone jumla ikibadilika yenyewe. Umeeleza uhusiano mara moja tu, mabadiliko yanasambaa. Maktaba kama RxJS na RxJava zinapeleka wazo hilo mbele: mibofyo, herufi, majibu ya seva, vyote ni mikondo ya matukio. Unaichuja, unaiunganisha, unaamua la kufanya kosa likitokea.

Najua utaniambia, "Buda, hiyo ni ya kina Netflix, mimi nina wateja mia mbili." Kweli, RxJava ilitoka Netflix. Lakini nani anaihitaji zaidi: mtu wa faiba nyumbani, ama msee wa Kayole mwenye bando ya mbao, netiweki ikikatika akiwa kwa mat?

Chukua kisanduku cha kutafuta. Mtu anaandika "unga wa ugali". Apu ya kizembe inatuma ombi kwa kila herufi na kila nafasi, maombi 13. Kwa RxJS, debounceTime inangoja kwanza atulie, halafu ombi moja linaenda. Akibadilisha neno, switchMap inaachana na jibu la zamani lisije likafunika jipya. Hiyo ni mistari miwili, na bando yake imepona.

Na tukio la malipo lisipofika? Pia hapo kuna kazi yako. Daraja ina njia ya kuuliza hali ya muamala. Weka muda, ukipita, apu iulize yenyewe. Usimwachie mama mboga kazi hiyo akiwa na foleni mbele ya kibanda.

Ni ngumu? Ndio, mwanzoni kichwa kitauma, na kufuatilia kosa ndani ya mikondo ni noma. Si kila kitu kinaihitaji pia. Fomu ya kujazwa mara moja iache ilivyo. Na kama unajua React, usidhani umemaliza. Majina yanafanana, lakini kuchora skrini ni jambo moja na kupanga matukio yanayofika ovyo ni lingine.

Kwa hivyo kabla hujanionyesha apu nyingine ya orodha ya kazi kwa potifolio yako, jenga ukurasa mmoja tu wa malipo. Ubadilike wenyewe pesa zikiingia. Useme ukweli zikikataa. Batani ya lipa ijifunge jibu likiwa njiani. Halafu zima data katikati ya malipo, uiwashe tena, uone kama apu yako inajua pesa ziko wapi.

Kama haijui, rudi kazini. Pesa za watu si za kujaribia bahati.