Adapta ya Wi-Fi: Tuitazame Nyumba Kabla ya Boksi



Kompyuta ya mezani iliyokwishatumika ni msaada mkubwa kwa familia ya Muyama yenye watoto wa sekondari. Ikiwekwa sebuleni, wazazi huona kinachotazamwa. Lakini nyingi kati ya hizo hazina Wi-Fi ndani. Ndipo mzazi huenda Kasulu mjini, akanunua adapta ya kwanza anayooneshwa, kwa fedha aliyoipata kwa jasho la shamba la maharage. Ikishindwa kufanya kazi, kuirudisha ni nauli nyingine.

Tufahamu kwanza kwamba adapta haileti intaneti; inapokea tu ile iliyopo nyumbani, iwe ya ruta au ya simu. Boksi likiandikwa Mbps 300, na mnara ukatupa Mbps 10, tutabaki na hizo 10. Namba kubwa si sababu ya kulipa zaidi.

Kama intaneti yetu ni ya simu, pengine hatuhitaji adapta kabisa. Tuiunganishe simu na kompyuta kwa waya wake wa USB, kisha tuwashe katika mipangilio ya simu sehemu ya kusambaza intaneti kwa USB. Na ikiwa ruta ipo karibu na meza, waya wa mtandao unatosha, na ni imara kuliko Wi-Fi.

Ikibidi kununua, tuzihesabu kuta. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya tofali la kuchoma vizuri kuliko ya gigahezi 5, ingawa haya ya pili ni ya kasi zaidi pale ruta ilipo karibu. Adapta inayopokea yote mawili ni bora, mradi ruta nayo iwe na uwezo huo.

Kisha tutazame umbo. Adapta ndogo kama ukucha ina antena dhaifu, na ikichomekwa nyuma ya kompyuta, bati la kasha huyazuia mawimbi. Kwa chumba cha mbali, yenye antena ya nje inafaa zaidi. Au tutumie waya wa kurefusha USB, tuiinue juu ya meza. Kadi inayofungwa ndani ni nzuri pia, ila huhitaji nafasi yake kwenye kompyuta na mtu anayejua kuifunga.

Mwisho, tumuulize muuzaji kama inakubali Windows tuliyo nayo. Baadhi huhitaji programu endeshi iliyomo kwenye sidii, na kompyuta yetu huenda haina pa kuiweka. Hapo ule waya wa simu utatusaidia kuipakua. Ikiwezekana, twende na kompyuta yenyewe dukani, ijaribiwe kabla hatujalipa.

Mali ni amana, nasi tutaulizwa tumeitumiaje. Wabillahi tawfiq.